Si Kila Kinachokunja Uso ni Kikali

Jamani, tusonye kwanza, kisha tuseme. Hapa Bujumbura kijiwe tunakiita ligala, na katika ligala letu la Buyenzi, karibu na soko la Ruvumera, kuna neno moja limenenepa mpaka limewafukuza ndugu zake nyumbani. Neno hilo ni kali. Pilipili, kali. Dawa ya mtoto, kali. Moshi wa makaa mabichi, mkali. Chai iliyosahauliwa kwenye imbabura, jiko letu la makaa, kali. Ndizi mbichi, kali. Kidonda kilichomwagiwa spiriti, kali. Petroli aliyoinyonya fundi kwa mpira, kali. Muhogo uliochipuka upande mbaya wa shamba, nao eti mkali. Ukimwona kijana amekunja uso, machozi yanamlengalenga, ukamuuliza "Una nini, mwanangu?", jibu ni hilo hilo moja. Anakuachia wewe kazi ya kukisia kama amewashwa, amepaliwa, meno yamemfa ganzi au amekula sumu.

Nasema hivi, na nitasema mbele ya yeyote: uchungu, ukakasi, muwasho, kukereketa, kuchonyota, kupaliwa, ganzi la meno, hayo si maneno ya kupambia hotuba. Kila moja linataja jambo lake mwilini. Bibi zetu waliyatenganisha kwa ulimi na koo kabla maabara yoyote haijayatenganisha kwa darubini, na maabara zilipokuja zikakuta bibi walikuwa sahihi.

Sipingi neno kali lenyewe. Lina kazi yake halali. Kisu ni kikali, jua la kiangazi katika bonde la Rusizi ni kali, mbwa wa jirani ni mkali, pombe iliyokolea ni kali, ndimu nayo ni kali na hapo hatugombani. Lakini litazameni vizuri. Kali linajibu swali la "kwa kiasi gani?" Linataja nguvu, makali, kukolea. Halijibu swali la "kwa namna gani?" Ndiyo maana lugha yenyewe inaturuhusu kusema uchungu mkali, muwasho mkali, ukakasi mkali. Kama kali lingekuwa ni sawa na uchungu, basi uchungu mkali ungekuwa upuuzi mtupu, na hakuna Mswahili anayeusikia hivyo.

Hapo ndipo kosa la dawa linapoingilia. Mama mmoja wa mtaani kwetu alitoka zahanati na vidonge vya malaria vya mwanawe. Shoga yake akamwambia, "Dawa hizo kali sana, mama, mwangalie mtoto." Shoga alikusudia uchungu: mtoto atatema, umshike vizuri, umpe kitu cha kushushia. Mama akasikia nguvu. Akaona mtoto mdogo vile atazimudu vipi dawa zenye nguvu namna hiyo, akakata kila kidonge nusu. Homa ikatulia, kisha ikarudi na hasira. Mtoto alirudishwa zahanati akapona, Mungu ashukuriwe. Ila mimi sijaacha kulifikiria lile neno moja lililopita kati ya wanawake wawili wapendanao, kila mmoja akiwa na nia njema.

Malaria katika nchi hii si jambo la kukisia. Machi 2017 serikali ilitangaza rasmi kwamba ni mlipuko. Mwaka 2003 Burundi ilikuwa imehamia kwenye artesuneti pamoja na amodiakwini, na mwaka 2019 ikahamia kwenye artemetha na lumefantrini, ile inayomezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Dozi yake inapimwa kwa uzito wa mtoto. Ukiigawa nusu, vijidudu vinavyobaki vinapata nafasi ya kuzaliana upya. Na wazazi wa leo wanasahau jinsi uchungu wenyewe ulivyokuwa adui wa tiba. Vidonge vilisagwa, vikachanganywa na maji, mtoto akatema au akatapika, na hakuna aliyejua kiasi gani kimebaki tumboni. Ndiyo sababu mwaka 2009 kampuni ya Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture walitoa Coartem ya watoto, kidonge kinachoyeyuka majini chenye ladha tamu ya cheri. Nguvu ya dawa haikupunguzwa. Kilichofunikwa ni uchungu. Hapo dawa ikawa kali bila kuwa chungu, na mwenye kuyachanganya maneno hayo mawili hataelewa kilichofanyika.

Wazee wetu wanaikumbuka kwinini, na wakiikumbuka bado wanameza mate. Ng'ambo ya Rusizi, katika milima ya Kivu, Wabelgiji walipanda misinkona, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kikajulikana kwa kutengeneza kwinini kutokana na magome yake. Ule ndio uchungu safi, usio na kingine ndani yake. Hauwashi, hauchomi, hautii ganzi. Unakaa nyuma ya ulimi, unashuka polepole, hauondoki hata ukinywa maji. Mtu wa pwani angesema chungu kama shubiri. Katika Kirundi kitu cha namna hiyo tunakisema kwa kitenzi kurura, na mama yeyote aliyeshuka kutoka milimani kuja mjini anajua kwamba kinachorura si kile kinachochoma. Tofauti tunayo tayari katika lugha ya nyumbani. Tunaipoteza njiani tunapovuka kuingia Kiswahili cha mjini.

Sasa, kwa nini uchungu ustahili jina lake peke yake? Kwa sababu ulimi wenyewe umeupa heshima hiyo. Utamu unatambuliwa kwa kipokezi cha aina moja. Uchungu una vipokezi vya aina kama 25. Mwili haukujitaabisha hivyo bure. Mimea haina miguu ya kukimbilia, hivyo mingi imejilinda kwa sumu, na sumu nyingi ni chungu. Kila mmoja wetu ametokana na wazee waliotema kwa wakati.

Tuchukue muhogo, kwa sababu hapa kila siku tunakula ugali wake, na majani yake ndiyo isombe yetu. Ndani ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, na mzizi ukikwaruzwa au kutafunwa, linamarini huvunjika na kutoa sayanidi. Mara nyingi muhogo mchungu ndio wenye sumu nyingi zaidi. Msemo wa "mara nyingi" niushikilie, maana ulimi si mizani na muhogo mtamu haujaandikiwa cheti. Ndiyo maana watu wa nchi hii walijua kuloweka. Ikivunde, yaani muhogo uliovundikwa majini siku kadhaa kisha ukakaushwa na kusagwa, ni elimu kamili ya kuondoa sumu, ingawa hakuna aliyeiita elimu. Isombe nayo hutwangwa mpaka ikalainika, kisha huchemshwa kwa muda mrefu. Anayeona uvivu na kufupisha kazi hiyo anacheza na jambo asilolijua.

Maana gharama yake inajulikana. Kule Kongo, katika eneo la Kwango, kuna maradhi yanaitwa konzo, ambayo daktari Trolli aliyaeleza mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa na haimtii tena, na hali hiyo haiponi. Huwapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo, hasa wakati wa ukame, vita au njaa, ambapo hakuna muda wa kuloweka wala samaki na maharage ya kulia ugali. Msumbiji mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula, walipooza watu zaidi ya 1,000. Sasa fikiria binti anayemwambia mama mkwe wake, "Muhogo huu mkali." Mkwe ataelewa nini? Labda umechacha. Labda chumvi imezidi. Lakini akisema "Mama, muhogo huu mchungu," kila mwanamke aliyelelewa katika nyumba inayojua muhogo atasimamisha kijiko.

Hata hivyo uchungu hauishii kwenye sumu, na hapa nina kisa ninachokipenda kuliko vyote, tena kimetokea katika ziwa letu hili hili la Tanganyika. Ukishuka kusini kwa maji, ukapita Nyanza-Lac, ukapita Kigoma, utafika milima ya Mahale upande wa Tanzania. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe jike anayeitwa Chausiku, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyekuwa mhifadhi wa pale na mjuzi wa dawa za miti. Chausiku alikuwa mgonjwa, mnyonge, analala mchana. Akauendea mti ambao sokwe kwa kawaida hawauli, akavunja tawi changa, akamenya gome, akaacha majani, akatafuna kiini chake na kufyonza maji. Mzee Seifu aliutambua mara moja. Kwao unaitwa mjonso, na ni dawa ya tumbo, ya homa, ya minyoo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu, anatembea na kula. Mwaka 1989 wawili hao wakaandika taarifa ya kisa hicho, na jina la Seifu likawekwa kama mwandishi mwenza, jambo ambalo watafiti wengi wa kigeni hawakulifanya kwa wajuzi wetu.

Mti huo sisi tunaujua. Ni umubirizi, ule ule unaopandwa kando ya nyumba milimani, ule ambao bibi anachuma majani yake tumbo likichafuka. Majani yake ni machungu kiasi cha kumtoa mtu machozi. Uchunguzi wa maabara ulipata ndani yake kemikali kadhaa chungu zenye kuathiri vimelea. Sokwe aliyekuwa mgonjwa aliutafuta uchungu, wala hakuufuata kwa sababu ulikuwa mkali. Alichagua aina moja ya ladha, sehemu moja ya tawi, akaacha majani yaliyo na sumu zaidi. Mnyama asiye na neno hata moja alitenganisha. Sisi wenye maneno tele tunayafungia kabatini!

Na bado sijagusa uchungu wa kuzaa, uchungu wa mwana ambao mzazi pekee anaujua, na uchungu wa mtu na nchi yake. Lugha iliona kwamba kuna maumivu yanayokaa ndani, yanayoshuka polepole, yasiyoondoka kwa maji. Ikayapa jina la ladha ile ile. Hakuna mkunga anayesema "mama ameshikwa na ukali." Afadhali hapo tumebaki na akili zetu.

Ukakasi nao umekuwa yatima, ingawa wanasiasa na watangazaji wa redio wameuokota: kauli hii ina ukakasi, uteuzi ule una ukakasi. Wanautumia vizuri, siwalaumu. Lakini waulize vijana ukakasi wa mdomoni ni nini, watakutazama. Uma ndizi mbichi. Uma pera ambalo halijaiva. Kunywa chai ya Teza iliyochemshwa majani yake mpaka ikawa nyeusi. Ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani, meno yanahisi kama yamepakwa chaki. Hiyo si ladha, ni mguso. Ndani ya vitu hivyo kuna tanini, na tanini hushikana na protini za mate, zile zinazofanya mdomo uteleze. Zikishikwa, mdomo unakwaruza. Hakuna kinachochoma hapo, hakuna sumu ya kuogopa, ni mate tu yamenyang'anywa utelezi wake.

Warundi wakulima wanaijua siri hii kwa undani. Migomba ya milimani ina makabila yake: kuna ndizi za kupika, na kuna ndizi za pombe, ambazo ukizipika haziliki kwa ukakasi. Hizo huivishwa, kisha hukandwa na nyasi mpaka maji yake matamu yakajitenga, na sehemu kubwa ya ule ukakasi ikabaki kwenye makapi. Yakinywewa vile vile ni umutobe, ambao hata sisi tusiokunywa kileo tunaufurahia. Yakichachushwa na mtama ni urwarwa. Utamaduni mzima wa kukaribisha wageni, wa kutoa mahari, wa kusuluhisha ugomvi, umesimama juu ya ndizi ambayo mtu wa ligala angeitema na kusema "kali" na kuitupa.

Pilipili, ah, hapa lugha imetuachia methali ili tusipotee: pilipili usiyoila yakuwashiani? Sikilizeni kitenzi. Inakuwasha. Methali haikuuliza ladha yake, kwa sababu pilipili haina ladha hiyo tunayoisema. Mwaka 1997 maabara ya David Julius kule California ilitambua kipokezi ambacho pilipili inakiamsha, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobeli. Kipokezi hicho ndicho kinachotuambia kwamba kitu ni cha moto. Yaani urusenda, pilipili yetu, unaudanganya mwili kwamba ulimi unaungua, na mwili unajibu kwa jasho na machozi kana kwamba kuna moto kweli. Kiswahili kilikuwa na neno lenye maana zote mbili, kuwasha moto na kuwasha mwili, kabla ya tuzo hiyo. Na kwa kuwa tumefika hapo, nimwambie yule anayekimbilia glasi ya maji baada ya kula samaki mukeke wa kuchoma wenye pilipili nyingi: maji hayasaidii, maana kile kinachowasha hakiyeyuki majini. Kunywa maziwa.

Muwasho una ndugu mwingine, ule wa amateke, magimbi. Yale yasipoiva vizuri yanawasha ulimi na koo mpaka mtoto analia akijikuna shingo. Hapo hakuna udanganyifu. Ndani ya gimbi bichi kuna fuwele ndogo za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, na zinachoma kikweli. Dawa yake ni moto na subira: yachemshwe mpaka yaive hasa. Mtoto akisema "yananiwasha," mama anajua kurudisha sufuria motoni. Akisema "makali," mama atapunguza chumvi, na mtoto atalia tena.

Twende kwenye koo, ambako kuna neno ninaloliona zuri kuliko yote: kukereketa. Mawese ya Rumonge yakiwa mapya ni matamu, yanateleza, yanaipa isombe rangi na harufu. Yakizeeka kwenye dumu yanakereketa. Tumbaku inakereketa. Vumbi la unga mashineni linakereketa. Si maumivu, ni mkwaruzo usiokuacha utulie, unaokulazimisha ukohoe, umeze mate, useme kitu. Na kutoka hapo wenzetu wa Tanzania wakapata mkereketwa, yaani mtu wa chama asiyeweza kukaa kimya. Nani aliyefikiri hivyo kwanza sijui, lakini alikuwa fundi wa lugha. Alijua kwamba kuipenda siasa ni kuwa na kitu kooni.

Kupaliwa ni jambo jingine, na mafundi wetu wa Buyenzi wanisikilize kwa makini. Tangu uhaba wa mafuta ulipotuzoea, kunyonya petroli kwa mpira kumekuwa kazi ya kila siku. Fundi akivuta vibaya, petroli inamfika mdomoni, anatema, anasema "kali hii," wenzake wanacheka. Kama imeishia mdomoni, haya, asukutue. Lakini ikiwa imeteleza njia ya hewa, huyo kapaliwa, na petroli katika mapafu ni jambo la hospitali. Na aliyeimeza asilazimishwe kuitapika, maana ikipanda juu ndipo inapopata njia ya mapafuni. Neno moja lingetosha kuwashtua wanaocheka. "Kapaliwa" linawafanya watu wanyanyuke. "Kali" linawafanya waendelee na spana zao.

Kisha moshi. Karibu kila nyumba ya mji huu inapikia makaa au kuni, kwa hiyo moshi tunao tangu tumboni mwa mama. Mafuta yakizidi moto kikaangoni hutoa akrolini, ambayo inachoma pua na macho kwa pamoja. Plastiki zikiungua, nyingine hutoa mvuke unaokuwa tindikali mara tu unapokutana na unyevu wa jicho. Huo ndio mchonyoto, jicho linachonyota kama kidonda kilichotiwa ndimu. Wakati wa maandamano ya Aprili 2015, watu wa mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke waliujua mchonyoto huo kwa mabomu ya machozi. Kemikali yake ya CS imepewa herufi za Wamarekani wawili walioitengeneza mwaka 1928, Corson na Stoughton. Walioivuta wanajua kwamba haikuwa na ladha ya kusimulia. Ilikuwa inafunga macho na kubana kifua.

Lakini moshi ambao mji huu hautausahau ni wa Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, siku soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Nguo, viatu, vitenge, redio, mafuta ya kupikia, mitumba, dawa, madaftari, vyote viliungua kwa pamoja, na moshi wake ulionekana kutoka mbali. Rwanda ilileta helikopta kusaidia kuuzima. Wafanyabiashara walisimama kwenye barabara za kuzunguka soko wakitazama mitaji yao ikipanda angani, na wengi walikuwa na mikopo ya benki mgongoni. Moshi ule ulikuwa mkali, nakubali, na ulichonyota macho ya kila mtu bila kubagua. Ila waliopoteza vibanda walikuwa na uchungu. Siku zile kila aliyezungumza katika mji huu aliyatumia maneno hayo mawili pale yanapostahili, bila mwalimu wala kamusi. Hakuna aliyesema mama muuza vitenge ana ukali moyoni. Kwa hiyo msiniambie kwamba hatuyajui. Tunayajua, tunayaacha.

Kwa nini tunayaacha? Wengine ligalani wanalaumu Kifaransa, kwamba kijana akikosa neno anachukua la shuleni. Wengine wanawalaumu wanaoshuka kutoka mikoani wakijifunza Kiswahili sokoni kwa wiki chache. Mimi siwalaumu hao hata kidogo. Buyenzi na Bwiza zimejengwa na watu waliokuja, kutoka Ujiji, kutoka Maniema, kutoka Uvira, kutoka milima ya hapa hapa, na kila mmoja alijifunza kwa aliyemtangulia. Wa kulaumiwa ni sisi wenye lugha tuliyoirithi, tunaomjibu mgeni kwa neno alilokuja nalo badala ya kumpa lingine. Mtu anasema muhogo mkali, nasi tunaitikia, "Eeh, mkali kweli." Hapo tumemnyima.

Wala sitaki mtu aje kutuletea Kiswahili cha Unguja na kutusahihisha lafudhi. Kiswahili cha Bujumbura kina ligala, kina imbabura, kina ndagala na mukeke, na hakihitaji kuomba radhi. Ninachodai ni kwamba kiwe na maneno ya kutosha kumwambia muuguzi kinachomuuma mgonjwa. Muuguzi naye asikubali "kali" na kuandika. Aulize: inakuuma ulimini au kooni? Inawasha, inachoma, au ni chungu tu? Ulikohoa ulipoimeza? Meno yanakufa ganzi? Ni maswali ya nusu dakika.

Na walimu. Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi katika madarasa yetu, na watoto wanakariri ngeli za majina na vinyume: tamu na chungu, refu na fupi. Kukariri hakutoshi kwa jambo la ulimi. Mwalimu aje darasani na ndimu, na ndizi mbichi, na chai iliyokolea majani, na jani moja la umubirizi, na tone la mawese ya zamani. Kila mtoto aonje, akunje uso wake, kisha aseme ni nini hasa kilichompata. Muhogo mchungu mwalimu auache nyumbani. Huo aueleze kwa mdomo tu.